Kwenda msibani kwa Mbuddha wa Sri Lanka: hatua kwa hatua

Kwetu mtu akifiwa kila mmoja anajua kazi yake. Turubai linafungwa, viti vinaazimwa, wanawake wanatafuta masufuria, na anayeandika rambirambi anashika daftari. Sasa fikiria umefika kwenye nyumba ambako bendera nyeupe zimetundikwa kuanzia barabara kuu hadi mlangoni. Hakuna Fatiha wala misa. Watawa waliovaa mavazi ya rangi ya zafarani wanashuka garini, na watu wote wanainuka. Unasimama wapi? Unasema nini? Mkono unampa nani?

Nilijifunza haya kwa kuyapitia. Miaka kadhaa nilifanya kazi Muscat, chumba kimoja na mtu wa Matara, kusini mwa Sri Lanka. Yeye aliniita malli, mdogo wangu, nami nikimwita aiya, kaka. Mama yake alipofariki nilipanda naye ndege. Mwongozo huu ni kwa mtu kama mimi wa siku ile: Mwislamu au Mkristo mwenye rafiki, jirani au mfanyakazi mwenzake Msinhala, yaani wa kabila kubwa la Sri Lanka, anayetaka kumhani mwenzake kwa adabu. Sri Lanka ina Wabuddha wapatao asilimia 70 ya watu wote, nao wana desturi zao za msiba. Usidhani Mjapani au Mtibeti atafanya vilevile. Hao nitawagusa kidogo tu huko mwishoni.

Kabla ya yote: jua wanaamini nini

Usiruke sehemu hii, maana mengine yote yamesimama juu yake.

Mbuddha haamini kwamba marehemu anakwenda kuhukumiwa na Mungu, wala kwamba amelala akingoja ufufuo. Anaamini kwamba uhai uliokoma hapa umeshazaliwa upya mahali pengine, kufuatana na matendo. Huenda ni kwa binadamu, huenda ni mbinguni kwa viumbe vyenye raha, huenda ni kwa wanyama au mahali pa mateso. Na hakuna mahali palipo pa milele kati ya hapo. Raha ya mbinguni nayo ina mwisho, na mzunguko unaendelea mpaka mtu afikie nirvana, pale tamaa, chuki na ujinga vinapozimika na kuzaliwa kukakoma.

Jambo linalotutatiza wengi ni kwamba wao hawasemi kuna roho isiyobadilika inayohama kama mpangaji anayehamia nyumba nyingine. Mfano wao wa kale ni wa taa. Washa taa magharibi, iwake hadi alfajiri. Moto wa alfajiri si ule wa magharibi, lakini pia huwezi kusema ni moto mwingine, kwani huu umetokana na ule. Mfano mwingine ni maziwa yanayokuwa mtindi. Ndivyo uhai mmoja unavyozaa unaofuata.

Hapo ndipo linapokuja neno utakalolisikia siku nzima: pin. Kiswahili tunalo lake hasa, thawabu. Ukitenda jema unapata pin. Na jema hilo unaweza kumshirikisha aliyekufa, naye akilifurahia huko aliko, furaha hiyo inakuwa thawabu yake mwenyewe. Si kama kutuma pesa kwa simu, ambapo salio lako linapungua. Ni kama kuwasha taa ya jirani kwa taa yako. Yako inabaki na mwanga uleule. Kwa hiyo kazi ya wafiwa si kumwombea marehemu msamaha. Kazi yao ni kutoa: kulisha, kuvisha, kutumika, kisha kusema, "Thawabu hii imfikie." Ukilishika hili, kila utakachokiona kitakuwa na maana.

Kuna mahali ambapo mafundisho na moyo wa mtu havilingani sawasawa, na ni vizuri ulijue usije ukashangaa. Watawa wa madhehebu ya Theravada, ndiyo ya Sri Lanka, hufundisha kwamba kuzaliwa upya hufuata kifo papo hapo. Lakini kijijini utawasikia watu wakisema marehemu bado yuko karibu na nyumba yake mpaka siku ya saba, anangoja. Usiwasahihishe. Mama wa mtu ameondoka juzi.

Hatua ya kwanza: mgonjwa akiwa mahututi

Kama umeitwa kabla ya kifo, nenda kimya kimya. Wanaamini fikra ya mwisho ya mtu ina uzito mkubwa katika kuelekeza kuzaliwa kwake, kwa hiyo wanajitahidi chumba kiwe na utulivu. Huenda mtawa akaletwa kusoma pirith, maneno ya Buddha yanayosomwa kwa ajili ya ulinzi na baraka. Ndugu humkumbusha mgonjwa mema aliyoyatenda: mti alioupanda hekaluni, watoto wa jirani aliowalipia shule, safari za kuhiji.

Desturi hiyo ni ya kale sana. Historia ya kisiwa hicho inamtaja mfalme Dutugemunu, aliyetawala mji wa kale wa Anuradhapura katika karne ya 2 kabla ya Kristo. Alipokuwa kitandani mwa mauti alisomewa kitabu cha mema yake. Alikuwa anajenga kuba kubwa la Ruwanwelisaya, na halikuwa limekwisha. Mdogo wake, Saddhatissa, alilifunika kwa vitambaa vyeupe ili lionekane limekamilika, kisha mfalme akabebwa kwenda kuliona. Alikufa akilitazama. Kuba hilo lipo hadi leo.

Ukiwa hapo chumbani, basi, usilie mbele ya mgonjwa na usizungumzie madeni wala mirathi. Kama una jema lake unalolikumbuka, mwambie.

Hatua ya pili: saa za mwanzo baada ya kifo

Piga simu au tuma ujumbe mfupi. Wao kwa wao husema "Nivan suwa lebewa", maana yake "apate raha ya nirvana". Si lazima ulitumie. "Poleni sana, niko pamoja nanyi, niambieni cha kufanya" inatosha kwa lugha yoyote. Ninachokushauri uache ni kumtafsiria mfiwa "Mungu ailaze roho yake mahali pema peponi". Kwetu ni neno la upendo, lakini kwake, kama nilivyoeleza, marehemu hajalala na hakuna mahali pa milele, na utamwachia kazi ya kukujibu kwa adabu katika saa asiyo na nguvu.

Usishangae ukiambiwa daktari amekuja kuchukua macho ya marehemu. Sri Lanka ni nchi inayosifika duniani kwa kutoa macho. Chama cha kutoa macho kilianzishwa mwaka 1961 na Dkt. Hudson Silva, na kimepeleka maelfu kwa maelfu ya konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, katika nchi nyingi kwa watu waliopofuka. Wabuddha huliunganisha jambo hilo na hadithi ya mfalme Sivi, ambaye katika maisha yaliyotangulia ya Buddha alitoa macho yake kumpa kipofu. Macho huchukuliwa ndani ya saa chache, na familia huhesabu kuwa ndiyo sadaka ya mwisho ya marehemu kwa mwili wake mwenyewe.

Mwili hutiwa dawa ya kuuhifadhi na kurudishwa nyumbani, au kuwekwa katika ukumbi wa wenye kazi hiyo. Mazishi hayaharakishwi kama kwa Waislamu. Siku mbili tatu ni kawaida, hasa kama kuna mtoto anayesubiriwa kutoka Ghuba, kama alivyosubiriwa aiya wangu.

Na hapa utaona kitu utakachokitambua mara moja. Karibu kila kijiji kina maranadhara samithiya. Watu huchanga kila mwezi, na kifo kikitokea chama kinaleta turubai, viti, vikombe, taa na fedha, na wanachama wanakuja kufanya kazi. Nilipofafanuliwa nilicheka na kulia kwa wakati mmoja, kwa sababu mama yangu mwenyewe ni mweka hazina wa chama cha kufa na kuzikana mtaani kwetu. Kama hujui pa kuanzia ukifika, tafuta watu wa chama hicho. Waambie una mikono miwili.

Hatua ya tatu: mavazi na unachobeba

Vaa nyeupe. Shati jeupe na suruali, kwa mwanamke gauni au sketi nyeupe inayofunika magoti na mabega. Kanzu nyeupe inafaa kabisa. Khanga na vitenge vya rangi kali viache nyumbani, hata kama kwetu ndiyo vazi la msiba. Kama huna nyeupe, rangi iliyopoa itakubaliwa. Usivae dhahabu nyingi.

Kuna wanaopeleka shada la maua. Mimi naona ni heri chakula, kwa sababu nyumba yenye maiti haiwashi jiko. Majirani ndio wanaopika na kuleta. Majani ya chai, sukari, biskuti, maziwa ya unga, mchele: hivyo vinakwisha haraka msibani na vinahitajika. Fedha zikitolewa, ziwe katika bahasha, apewe mwanafamilia kwa mikono miwili, bila kutangaza.

Pombe usibebe. Hiyo ni mojawapo ya mambo matano ambayo kila Mbuddha ameahidi kujiepusha nayo: kuua, kuiba, zinaa, uongo na vilevi.

Hatua ya nne: ukifika nyumbani

Vua viatu mlangoni, na kofia kama umevaa. Jeneza liko wazi sebuleni, na kichwani pake kuna taa ya mafuta ya nazi inayowaka mchana na usiku. Nenda taratibu, simama karibu, unganisha viganja vyako kifuani, inamisha kichwa kidogo, kaa hivyo kwa muda mfupi. Si ibada ya kumwabudu mtu. Ni heshima, na kama dini yako inakuzuia kuinama, simama wima kimya na mikono mbele. Hakuna atakayekuhoji. Watoto wa marehemu utawaona wakipiga magoti na kugusa miguu ya mzazi wao. Hiyo ni yao.

Kisha waendee wafiwa. Viganja kuunganishwa tena, au mkono kama wao wameutanguliza. Si lazima uongee. Wapo watakaolia kwa sauti na kumwita marehemu, "Amme, amme," yaani mama, na wapo watakaokaa kama mawe. Kote kuwili ni sawa.

Ukipewa chai, kunywa. Ukipewa kazi, fanya.

Usiku kuna mkesha, kwani maiti haiachwi peke yake. Sikutarajia kuona wanaume uani wakicheza karata na keram chini ya taa, huku vijana wakipitisha chai ya rangi na tangawizi. Keram ileile ya barazani Unguja! Nilidhani ni utovu wa adabu, kumbe ndivyo wanavyoukata usiku macho yasifumbe na wafiwa wasibaki peke yao. Kaa nao. Kama hujui kucheza, tazama.

Kuhusu picha: familia nyingi hukodi mpiga picha, lakini wewe mgeni usitoe simu mpaka uombe.

Hatua ya tano: watawa wakifika

Tuanze na adabu, kisha ibada yenyewe.

Watawa wakiingia, simama. Huitwa hamuduruwane unapoongea nao. Hawapewi mkono, na mwanamke hasa asiwaguse. Kitu akiwapa, akitoe kwa mikono miwili bila vidole kukutana. Wao huketi juu, kwenye viti vilivyotandikwa kitambaa cheupe, na watu wote huketi chini kwenye mikeka. Mimi niliketi kitini mbele yao, kimo kimoja, mpaka dada mkubwa wa aiya akanigusa kiwiko akaninong'oneza. Kama magoti yako hayakubali kukaa chini, chukua kiti nyuma kabisa. Nyayo zako zisiwaelekee watawa wala jeneza. Kunja miguu pembeni.

Na ujue, huko watawa hawafungishi ndoa. Katika mambo makubwa ya maisha ya mtu, wao mahali pao ni kwenye kifo. Ndiyo maana kuwasili kwao kunabadilisha hewa ya nyumba nzima.

Mtawa mkubwa kwanza anawaongoza watu kumkimbilia Buddha, mafundisho yake na jamii ya watawa, kisha kuahidi yale mambo matano. Huu ni ungamo la imani. Wewe usiye wa imani hiyo nyamaza tu, mikono mapajani. Hakuna anayekutazama.

Halafu inakuja ibada inayoitwa pansukula. Ndugu wa karibu wanashika kipande cha kitambaa cheupe na kuwakabidhi watawa. Hapo kale watawa walijishonea mavazi kwa matambara yaliyotupwa majalalani na makaburini, vitambaa vya maiti, vitu visivyotakiwa na mtu yeyote. Kitambaa kile ni kumbukumbu ya hayo. Fikiri nasi tunavyomvisha maiti sanda nyeupe akaondoka nayo. Wao kitambaa cheupe kinatoka kwa maiti kwenda kumvisha aliye hai. Watawa wakikipokea wanasoma kwa Kipali, lugha ya kale ya maandiko yao:

"Anicca vata sankhara, uppadavayadhammino, uppajjitva nirujjhanti, tesam vupasamo sukho."

Maana yake ni kama hivi: Hakika vyote vilivyoumbika havidumu, hulka yake ni kuzuka na kutoweka, vikishazuka vinakoma, na kutulia kwake ndiyo raha.

Baada ya hapo, maji. Mbele ya wafiwa kunawekwa birika na kikombe kilichokaa ndani ya sahani pana. Ndugu wanakusanyika mkekani, mmoja anashika birika, wengine wanamshika mkono au bega, wa nyuma wanawashika wa mbele, hadi familia nzima imeungana kama mnyororo. Maji yanamiminwa polepole kikombeni. Kikombe kinajaa, kinafurika, maji yanateremka sahanini, na mimiminiko haikatiki. Wakati huohuo watawa wanasoma kwamba kama mito iliyojaa inavyoijaza bahari, ndivyo kinachotolewa hapa kinavyowafikia waliotangulia. Na ndugu wanasema mara tatu, "Idam me natinam hotu": hii iwafikie jamaa zangu.

Maneno hayo yametoka katika mafundisho ya kale kuhusu waliokufa wanaosimama nje ya kuta na njia panda, wakingoja jamaa zao wawakumbuke. Humohumo imesemwa waziwazi kwamba kilio na huzuni haviwafai kitu wafu. Kinachowafaa ni kutoa. Hata hivyo pale mkekani watu walikuwa wanalia, maji yanamiminika, na mtawa hakumkataza mtu.

Mfiwa anaweza kukuita uje ushike bega. Mimi niliitwa, nikaenda. Kwangu haikuwa sala kwa mungu mwingine. Ilikuwa kumshika ndugu yangu wakati anamuaga mama yake. Wewe upime na moyo wako. Ukiona huwezi, weka kiganja kifuani na utikise kichwa kwa upole, wataelewa. Mwishoni watu wote wanaitikia "Sadhu, sadhu, sadhu", yaani vyema, ni jema.

Hatua ya sita: kuzika au kuchoma

Vyote viwili vinaruhusiwa. Wengi huchoma, kama Buddha mwenyewe alivyochomwa huko Kusinara. Wengine huzika, na si dhambi. Njia huwa imepambwa kwa makuti machanga ya mnazi, yale ya manjano, yaliyochanwa na kusukwa. Vijana wa kijiji hukesha wakiyasuka. Msafara unakwenda kwa miguu kama si mbali. Mgeni hutembea nyuma ya familia.

Kwenye kuni, jeneza huzungushwa mara tatu kabla ya kupandishwa, na wana wa kiume au wapwa ndio wanaowasha. Mjini ni tanuri la umeme au gesi, kitufe tu, na inakwisha haraka mno, moyo haujawa tayari. Kama unamsindikiza mfiwa huko, usimwachie arudi peke yake garini.

Ukitoka, oga na ubadilishe nguo kabla ya kuingia kwako au kula. Wanaamini nyumba ya msiba ina uchafu wa kifo, hata asiye na imani hiyo huoga kwa heshima. Waliobaki wanakula mala batha, wali wa msiba, ambao jadi yake ni pamoja na mchuzi wa samaki wa chumvi. Nilipoonja nilikumbuka ng'onda wa nyumbani.

Hatua ya saba: siku ya sita na ya saba

Wageni wengi hukosea hapa, maana hudhani msiba umekwisha na wanaaga. Kwa familia ndiyo kwanza kazi kubwa inaanza. Ukiweza kwenda siku moja tu, na mazishi yameshapita, nenda siku ya saba.

Jioni ya sita mtawa mmoja huja kuhubiri, mara nyingi kwa saa nzima. Baadaye wanawake na wanaume wa kijiji hubaki kupika usiku kucha. Huu ndio wakati wa kujitolea: kukuna nazi, kuchambua mchele, kumenya vitunguu, kubeba maji. Usingoje kukaribishwa. Kila anayekata kitunguu pale anahesabiwa kuwa na fungu katika thawabu itakayotumwa kesho.

Asubuhi ni dana, sadaka ya chakula kwa watawa. Saa ni jambo la kufa na kupona: mtawa hali baada ya saa sita mchana. Chakula kikichelewa mpaka jua likavuka utosi, dana imeharibika. Kwa hiyo kila kitu kiwe tayari saa nne, saa tano watawa wawe wanakula. Kama umepewa kazi ya kuwaleta kwa gari, toka mapema kuliko unavyodhani.

Watawa hualikwa mapema kwa kupelekewa tambuu. Ndiyo, tambuu ileile tunayoipamba kwenye masinia ya harusi pwani. Kwao ni alama ya heshima unapokwenda kuomba jambo. Wakifika nyumbani wanatandikiwa kitambaa cheupe chini, mtu anawaosha miguu mlangoni na mwingine anaikausha. Mbele yao hubebwa kichwani kijisanduku cha masalia matakatifu, chini ya mwavuli au kitambaa, mara nyingine na ngoma. Simama pembeni kikipita.

Fungu la kwanza la kila chakula hutengwa kwa ajili ya Buddha. Usionje kitu jikoni, na maua yaliyotayarishwa kwa ajili yake usiyanuse. Kisha watawa wanahudumiwa mmoja mmoja, kimya. Ukipewa upawa, piga goti au inama, weka kidogo, songa kwa anayefuata. Mtawa akifunika bakuli kwa kiganja, ametosheka. Sadaka hutolewa kwa jamii nzima ya watawa, si kwa mtawa fulani unayempenda, na ndiyo maana huitwa angalau wanne.

Baada ya kula hutolewa vitu: atapirikara, vile vinane vya mtawa, yaani mavazi matatu, bakuli, wembe, sindano, mshipi na chujio la maji. Majirani huongeza sabuni, taulo, madaftari, chai. Ukitaka kuchangia, vifurushi vilivyofungwa tayari vinauzwa madukani karibu na mahekalu. Kisha maji tena, kikombe tena, mnyororo wa mikono tena. Mwishowe, watawa wakishaondoka, watu wote wanakula.

Kuna vijiji ambako usiku wa kuamkia dana huwekwa chakula nje kwa ajili ya marehemu, vile alivyovipenda. Ukikiona kwenye jani la mgomba kando ya uzio, kipite tu.

Miezi mitatu, na mwaka

Dana hurudiwa baada ya miezi mitatu na baada ya mwaka, na familia nyingi huendelea kila mwaka. Andika tarehe hizo kwenye simu yako siku ileile ya mazishi. Mtu anayekumbuka miezi mitatu, wakati turubai limeshasahaulika, anakumbukwa maisha.

Ukiwa mbali

Wengi wetu tunakutana na Wasinhala Muscat, Dubai, Doha. Mwenzako akifia huko, msaada wa kwanza ni wa makaratasi: hati ya kifo, mwajiri, ubalozi, tiketi ya mwili. Mmoja wenu ashike hilo, mwingine achangishe. Akifiwa na hawezi kusafiri, mtafutie sehemu tulivu na taa ndogo, watawa wa kijijini kwao wasome kwa simu, na mkae naye. Halafu mfanye jema kwa jina la marehemu. Kuwalisha wafanyakazi wa chumba cha jirani ni dana tosha.

Dar es Salaam kuna hekalu la Wabuddha pale Upanga, lililoanzishwa na Wasinhala mwanzoni mwa karne ya 20, na mti wa bodhi, mti mtakatifu wa Wabuddha, uani. Mbuddha akifiwa hapa, anza hapo.

Na mwili usipopatikana? Tarehe 26 Desemba 2004 tsunami iliua zaidi ya watu 30,000 Sri Lanka, na wimbi lilelile likavuka bahari na kuua Somalia, Kenya na Tanzania. Matara na Galle zilipigwa vibaya. Familia nyingi hazikupata cha kuzika. Walitoa dana vilevile, wakamimina maji vilevile, kwa sababu thawabu haihitaji maiti.

Wabuddha wengine, kwa ufupi

Thailand utamimina maji yenye harufu nzuri juu ya mkono wa marehemu, watawa watasoma kwa usiku tatu, tano au saba, na kwenye kuchoma utapewa ua la msandali uliweke karibu na jeneza. Japani vaa nyeusi, si nyeupe. Fedha huwekwa katika bahasha maalumu. Mifupa iliyobaki huokotwa na ndugu kwa vijiti, ndiyo maana mezani usipokezane chakula kijiti kwa kijiti. Watibeti husoma kwa siku 49, wakiamini kuna kipindi kati ya kifo na kuzaliwa upya, na hawataki mwili uguswe mapema. Wavietinamu huvaa vitambaa vyeupe kichwani na kuadhimisha siku ya 49 na ya 100.

La kusema, na la kuacha

Utakuja kusikia kisa cha Kisa Gotami, mwanamke aliyembeba mtoto wake maiti akitafuta dawa. Buddha alimwambia alete punje za haradali kutoka nyumba ambayo haijawahi kufiwa. Aligonga mlango baada ya mlango, akaelewa. Ni kisa kizuri, na watawa hukisimulia. Wewe usikisimulie kwa mfiwa. Kisa Gotami aligonga milango mwenyewe. Hakuna aliyempa jibu.

Vilevile usiseme "ni matendo yake yaliyopita" hata kama umesikia habari ya karma. Usimuulize mfiwa anadhani mama yake amezaliwa wapi. Swali zuri ni hili: "Alipenda kula nini?" Mimi niliuliza hivyo jikoni usiku wa sita, na dada yake mkubwa akaacha kukuna nazi akanieleza kwa nusu saa: kunde za nazi, kiazi kitamu cha kuchemsha, chai yenye sukari nyingi ambayo daktari alimkataza. Asubuhi vyote vitatu vilikuwa mkekani mbele ya watawa.